Mashahidi Wanne wa Mzee Machibya

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Luhaga. Tuliseme mapema, maana mwenyewe ameshakubali, na pale Nassa hakuna aliyembishia.

Lakini wewe ungefanyaje? Umejibanza nyuma ya magunia ya pamba nyumbani kwa mjomba wako. Mke wa mjomba, Felisita, kasimama mlangoni anachungulia nje kama askari wa zamu. Ndani, mwanamume usiyemjua, panga kiunoni, kapiga magoti kando ya mkeka aliolala mzee Machibya. Anatoa fito. Anailaza ubavuni mwa mgonjwa, kutoka utosini mpaka kisiginoni. Anatia alama kwa ukucha.

Hapo ndipo tulipoiachia hadithi wiki jana, pumzi zimetukatika, sisi na Luhaga. Kwa watu wa Nassa anayepimwa kwa fito ni maiti. Ukimpima mtu anayepumua, hakuna atakayeamini kwamba unamtakia heri.

Luhaga akaruka. Gunia likaanguka, pamba ikatapakaa.

"Wachawi nyie!"

Akaikwapua ile fito, akaivunja gotini vipande viwili. Havikumtosha, akavunja tena. Felisita akapiga yowe. Yule wa panga akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi.

"Mama Anyesi! Nakuheshimu kama mama yangu, kumbe unampima mjomba angali hai!"

"Luhaga."

Sauti ilitoka mkekani, inakwaruza kama msasa kwenye ubao. Mzee Machibya alikuwa amefumbua jicho moja.

"Hiyo ni fito ya tatu leo. Ya kwanza ilikuwa fupi. Ya pili kaila mbuzi. Nenda kakate nyingine."

Luhaga akaviangusha vipande vya fito.

"Mjomba, hukuwa umelala?"

"Nani anaweza kulala huku anapimwa?"

Mwenye panga akashusha mikono. Alikuwa Mayige, seremala kutoka Lamadi, mtu wa mikokoteni na mitumbwi, na alikuwa amekasirika. "Mimi nimeitwa na mwenye mwili wake," alisema. "Sijawahi kupata kazi ya namna hii. Mteja analalamika mwenyewe!"

"Baba yetu tulimzika amekunja magoti," mzee alisema polepole, akipumzika kila baada ya maneno matatu. "Jeneza lilikuja fupi. Jua kali, watu wamejaa, padri anatazama saa. Tukamkunja. Mtu mrefu vile, tukamkunja kama kiti cha mwenyekiti wa kijiji. Mimi sikunjwi. Mbao zangu za mninga ziko darini. Luhaga, fito."

Basi Luhaga akatoka kwenda kukata fito, aibu imempanda mpaka masikioni.

Msimcheke sana. Luhaga anauza dagaa pale Lamadi, na dunia imemfundisha kwa kofi. Aliwahi kuuziwa gunia la dagaa ambalo nusu yake ilikuwa mchanga, na aliyemuuzia alikuwa mwanakwaya. Tangu siku hiyo hata akisalimiwa "mwadila", salamu ya Kisukuma ya mchana, huangalia kwanza jua liko wapi ndipo aitikie.

Na alipokuwa nyuma ya jiko akichagua mti ulionyooka, akasikia sauti ya Felisita upande wa pili wa ukuta. Anaongea na simu. Anaongea chini chini.

"Njoo leo. Kesho utakuwa umechelewa."

Akasikiliza.

"Hapana, wenyewe hawajui. Wewe njoo tu."

Panga la Luhaga likasimama hewani.

Alipozunguka ukuta, Felisita alikuwa anapuliza moto, simu haionekani. "Umepata fito?" akauliza, macho yake kwenye kuni.

"Nimepata," Luhaga alijibu. Na moyoni akaongeza: na wewe nimekupata.

*

Saa nane mchana pikipiki ikaleta mgeni waliyekuwa wakimngoja. Debora, msaidizi wa kisheria, binti mwembamba mwenyeji wa Binza kule Maswa, faili kwapani, sauti ya mwalimu wa darasa la saba.

"Baba, daktari amesemaje?"

"Kesho alfajiri gari linakuja," Luhaga alimjibia. "Wanampeleka Bariadi. Uvimbe umebana koo, wanamtoboa hapa apate pa kupumulia." Akajigusa chini ya koromeo. "Wamesema baada ya hapo asitegemee kuongea tena."

"Kwa hiyo sauti ni ya leo."

"Ni ya leo."

Kila aliyekuwa chumbani alijua maana yake. Mzee Machibya hajui kusoma wala kuandika. Atakachotaka kiandikwe, lazima akitamke. Asipotamka leo, ukoo utakaa kikao atakapokuwa hayupo, na kikao cha ukoo ni Magese.

Magese ni mdogo wake mzee, mtu wa Bariadi mjini, shati jeupe siku zote. Msimu uliopita alisimama hapo hapo uani, akasema mbele ya watu kwamba shamba la ukoo halikai mkononi mwa mtoto wa kike. Mtoto mwenyewe ni Anyesi, binti pekee wa mzee na Felisita, yuko kidato cha pili bwenini. Magese akishika nyumba, Felisita atarudishwa kwao na Anyesi atatafutiwa mume kabla hajamaliza shule. Magese hakulificha hilo. Alilisema akitafuna nyama.

"Sasa utaratibu," Debora alifungua faili. "Baba hasomi, kwa hiyo nataka mashahidi wanne. Wawili ndugu, wawili si ndugu. Wanasikia kwa masikio yao, wanasaini. Na shahidi hapati kitu. Anayetajwa kwenye wosia hawezi kuushuhudia. Tumeelewana?"

Wakahesabiana. Mayige seremala, si ndugu. Bujiku jirani, mkulima wa mpunga, si ndugu, na tena hasikii umbea wa mtu, akiulizwa habari za watu hujibu habari za mvua. Upande wa ndugu, bibi Maximiliana, binamu wa mzee, mwenye ulimi kama wembe. Wa nne Luhaga.

"Wanne kamili," Luhaga akasema, akajipiga kifua. "Tuanze!"

"Tusubiri kidogo," alisema Felisita.

Wote wakamgeukia.

"Tusubiri nini?" Luhaga akauliza.

"Uji wa mzee haujapoa."

Akatoka. Na haraka za kutoka zikamponza. Simu yake aliiacha juu ya gunia la mahindi, nayo ikaanza kutetemeka kama mende aliyepinduliwa. Luhaga alikuwa karibu. Akasoma jina kwenye kioo.

SHEMEJI MAGESE.

Akabonyeza, akaweka sikioni, hakusema kitu.

"Nimeshavuka Lamadi," ilinguruma sauti ya Magese. "Mwambie mzee asitamke neno mpaka nifike. Unasikia, mama Anyesi?"

Luhaga akakata. Akatoka mpaka jikoni, ameishika ile simu kwa vidole viwili kama panya mfu.

"Umemuuza mjomba."

Felisita akaitazama simu, akamtazama yeye. "Iweke chini. Chaji yenyewe kidogo."

"Unamwita Magese siku ya leo! Siku yenyewe hii! Anakuja kukufukuza, wewe unamwelekeza njia? Amekuahidi nini?"

"Uji umepoa," Felisita alisema, akampita na bakuli.

Kuna watu wakikaa kimya unajua hawana la kusema. Felisita alikaa kimya kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani. Luhaga akaapa hatamwacha aharibu.

*

"Anza sasa hivi, dada Debora!" Luhaga aliingia kama upepo. "Mjomba, sema. Magese yuko njiani. Sema upesi!"

Mzee akanywa vijiko viwili vya uji. Hakuwa na haraka hata kidogo, na hilo nalo likamtia Luhaga mashaka.

"Andika," mzee alisema. "Nyumba hii na shamba lote hadi mpaka wa Bujiku, ni vya Felisita na Anyesi. Felisita akiolewa tena, basi ni vya Anyesi."

"Nimeandika."

"Nikifa, Anyesi asiambiwe kwa simu. Mtu aende shuleni, akae naye, amlete. Aende bibi Maximiliana. Asiende Luhaga, atalia yeye kabla ya mtoto."

"Aah, mjomba!"

"Nizikwe na koti langu la bluu. Sio lile jeusi, lile linabana makwapa. Na kaburi liwe pale nyuma ya zizi, mguu wangu uelekee shambani." Akakohoa, akapumzika. Felisita akamfuta mdomo. "Na maksai wangu wa plau wasichinjwe msibani. Nawajua ndugu zangu. Watalia jicho moja, jingine liko zizini."

Bibi Maximiliana akaguna. "Majina utataja au tuyajue wenyewe?"

"Maksai wawili na plau," mzee akaendelea, "nampa Luhaga. Kila msimu alime kwanza shamba la Anyesi, ndipo alime kwake."

Kalamu ya Debora ikasimama.

"Luhaga."

"Naam."

"Sogea huko. Wewe si shahidi tena."

Ilimchukua Luhaga muda kuelewa. Alipoelewa, akadondoka magotini. "Futa! Futa hilo, mjomba! Mimi muuza dagaa, nitalima na ng'ombe lini? Sitaki maksai! Mpe Mayige!"

"Mayige naye ni shahidi," Debora alimkumbusha.

"Mpe yeyote! Mpe padri!"

"Sifuti," mzee alisema.

"Mjomba, tumebaki na ndugu mmoja! Mashahidi watatu! Karatasi hiyo haitasimama!"

"Ndugu mwingine yupo?" Debora aliuliza. "Yeyote, mtu mzima."

Wakahesabu tena. Wengine wako Meatu na mifugo, kufika ni kesho kutwa. Anyesi ni mtoto, tena ametajwa. Luhaga akashika kichwa. Kwa mara ya pili siku hiyo aliona kwamba amefanywa mjinga, ila safari hii hakujua ni nani aliyemfanya.

Nje gari likafunga breki. Kuku wakatawanyika.

Felisita akajifunga kanga vizuri, akaenda kufungua mlango.

*

Magese aliingia na manukato yake. Hakuanza na mkeka. Alianza na dari, akazitazama mbao za mninga, akateremka na ukuta, akamalizia kwa watu.

"Mwadila," alisema. Waliitikia wawili. "Naona kikao. Na huyu binti wa faili ni nani? Na huyu mwenye fito?"

"Mayige, seremala."

"Seremala!" Magese akapiga kofi la mshangao. "Kaka yangu anapumua, nyie mmeshaleta seremala. Mama Anyesi, kweli wewe? Kijiji kitasemaje? Kitasema mtu amesindikizwa!"

"Nimemwita mwenyewe," mzee alisema.

"Umeambiwa umwite, kaka. Mgonjwa anaambiwa mengi." Akamgeukia Luhaga. "Na wewe mpwa, tangu lini unaacha meza yako ya dagaa mchana? Unalinda nini hapa?"

"Namlinda mjomba."

"Kwa nani?"

"Kwa aliyeingia akitazama dari," alidakia bibi Maximiliana.

Mayige akakohoa. Bujiku akasema mvua mwaka huu inaonekana itachelewa.

Debora hakucheka. "Baba Magese, tunaandika wosia wa kaka yako. Tumepungukiwa shahidi mmoja, ndugu. Wewe ni ndugu wa damu."

Luhaga akataka kumziba mdomo. Amechelewa. Uso wa Magese ulikuwa umeshachangamka.

"Ndugu wa damu! Umesema kweli kuliko wote humu ndani. Bila mimi karatasi hiyo ni ya kufungia karanga, siyo?"

"Bila shahidi wa nne haikamiliki."

"Leta kalamu."

Akavuta kigoda, akakaa katikati ya chumba, miguu mbele. Akakunjua mikono ya shati. Mtu aliyeitwa kutia muhuri kwenye jambo la ukoo, akionekana, mbele ya watu, na jina lake la mwisho kabisa chini ya karatasi kama mkuu wa wilaya! Akaanza kuandika herufi ya kwanza.

Luhaga akafumba macho. Ndiyo hivyo, alijisemea. Anasaini, halafu atasema yeye ndiye msimamizi, halafu Felisita atapata mgao wake wa usaliti. Akamtazama Felisita. Felisita alikuwa anaitazama ncha ya kalamu bila kupepesa.

"Subiri, baba," Debora alisema. "Ni wajibu wangu kukusomea kabla hujamaliza jina."

"Soma, soma."

"Wewe unashuhudia kwamba mzee ametamka akiwa na akili zake, na kwamba nyumba na shamba ni vya Felisita na Anyesi. Ukishasaini umekubali kwamba umesikia. Huwezi kwenda kwenye kikao cha ukoo ukasema jambo jingine. Na shahidi hapati kitu."

Kalamu ikasimama kwenye mkia wa ile herufi M.

"Rudia hapo mwisho."

"Shahidi hapati kitu."

"Hata zizi?"

"Hata mlango wa zizi."

Ikasikika pumzi ya mzee, inaingia kwa shida, inatoka kwa shida. Magese akaushusha gotini mkono wenye kalamu. Akamgeukia Felisita taratibu.

"Wewe ndiye uliyenipigia. Njoo leo, kesho utakuwa umechelewa. Nikafikiri naitwa kupewa neno na kaka yangu!"

Luhaga akaruka. "Mnaona! Nilisema! Nimeisikia kwa masikio yangu, amempigia nyuma ya jiko!"

"Nilimtuma mimi," mzee alisema.

Luhaga akabaki amenyoosha kidole hewani, hana wa kumwelekezea.

"Ungemwita wewe asingekuja," mzee akaendelea, sauti sasa imekuwa nyembamba kiasi kwamba wote waliinama kuisikiliza. "Na maksai nimekupa makusudi, utoke kwenye hesabu. Dagaa unawajua, Luhaga. Watu bado."

Na hapo ndipo mjinga wetu alipoona kitu chote, kuanzia uji uliokataa kupoa. Hawakuwa wanamngoja Magese awazuie. Walikuwa wanamngoja afunge mlango kwa mkono wake mwenyewe, kisha abaki nje.

Lakini Magese naye aliona. Akasimama, kigoda kikapinduka.

"Mnanitega! Ndani ya nyumba ya baba yangu, mnanitega kama ngedere! Sisaini."

"Hakuna anayelazimishwa," Debora alisema.

"Mjomba Magese, kwa heshima yako," Luhaga alianza, unyenyekevu wote wa dunia umemjaa ghafla.

"Usinijomba mimi! Nimekuja kumwona mgonjwa. Kosa langu ni kumpenda kaka yangu."

"Hujamsalimia bado," alisema bibi Maximiliana.

Magese akajipapasa mfukoni. Akatoa funguo za gari. Akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Pale uani walikuwa wamekusanyika majirani, wamevutwa na gari na kelele, wanawake na ndoo zao, wazee wawili na fimbo, wote wanatazama ndani. Akasimama.

Mkekani mzee alijaribu kusema kitu. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Felisita akamwinulia kichwa, akamnywesha maji, akangoja. Haikutoka.

Debora aliitazama saa yake, kisha karatasi: majina matatu, na herufi moja iliyokatika.

Magese alikuwa bado na kalamu mkononi. Hakujua kwamba ameinuka nayo. Akageuka.

"Wewe binti wa sheria. Nisiposaini, inakuwaje?"

Debora akafunua faili, akaanza kuutafuta ukurasa. Lakini aliyejibu alikuwa Felisita, ambaye tangu gari lifike hakuwa ametamka neno, na hakuinua hata uso, alikuwa anamfunika mume wake shuka.

"Usiposaini, shemeji, utakuwa umetuambia wote hapa unachokisubiri."